Shahidi wa Gari

Mtu akistaafu, watu humuuliza atafanya nini na siku zake. Isidore Nsengimana hakuulizwa hilo. Mtaa wake wote pale Baraka ulikuwa na swali moja tu: gari linakwenda au linabaki?

Lilikuwa linakwenda. Mkewe, Nibigira, alikuwa ameamua hivyo, na Nibigira akiamua jambo hata mvua husubiri amalize kuanika. Alikuwa Mrundi wa Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Alifika Baraka akiwa msichana, wakati wa vita vyao, kwa miguu, mkeka kichwani na sufuria isiyo na mfuniko. Akaolewa na Isidore, akazaa Irakiza na wadogo zake, akamzika mama yake hapahapa. Lakini kila hewa ilipotakata na milima ya kwao ikaonekana juu ya maji, alisimama mlangoni akaitazama, na siku hiyo chakula kilichelewa. Sasa ndugu zake walikuwa wamerudishiwa shamba la michikichi la baba yao, na kipande kimoja kilikuwa chake. Mume amestaafu uuguzi, watoto wanajitegemea, ni nini tena cha kungoja? Isidore alikubali bila ubishi. Alikuwa amemweka mwanamke huyu ugenini maisha yake yote, na aliona ni zamu yake naye kuwa mgeni.

"Nilitoka kwetu na miguu," Nibigira alisema. "Nitaingia na gari. Gari yetu, kioo wazi, banione."

Gari lenyewe, tusidanganyane, halikuwa la kuonyesha watu. Lilikuwa Toyota nyeupe iliyokwisha kuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua, mlango mmoja ukifunguka kwa ndani tu. Majirani walisema likifika Makobola litaomba ukimbizi. Lakini lilikuwa limewabeba wajawazito wengi kwenda hospitali ya Nundu, na maiti kadhaa kwenda Swima, na hakuna siku lililala njiani na mgonjwa ndani.

Shida ilikuwa mpakani. Lionel, mdogo wake Nibigira aliyeishi Bujumbura, alikuwa amewapigia simu na kuwaeleza alivyoambiwa: anayehama moja kwa moja huweza kuingia na gari lake bila ushuru, mradi liwe lake kweli na awe amelitumia muda mrefu. Aje na cheti cha ofisi ya kwao, kilichotolewa mbele ya shahidi anayelijua gari hilo tangu siku za kwanza. Bila cheti, ushuru ungeshinda bei ya gari.

"Kagabo," Nibigira akasema palepale. "Nani mwengine? Neno ya Kagabo hakuna mutu anaibishia, hata kwa bureau."

Isidore alikuwa anakunywa chai. Akaungua ulimi.

"Kagabo iko mbali," akasema. "Iko Fizi."

"Fizi iko mbali, halafu Bujumbura njo iko karibu? Baba Irakiza, tutapanda Fizi na mizigo yetu yote, tupate karatasi, tushuke, tushike barabara ya Uvira. Na utamuaga rafiki yako. Ama ulitaka kuenda bila kumuaga?"

Naam, ndivyo alivyotaka. Alitaka kuondoka bila kumuaga, na mimi ninayewasimulia sitamtetea kwa hilo.

Kagabo alikuwa mfugaji wa nyanda za juu, kule ambako Isidore mwenyewe alizaliwa kabla ya kushuka ziwani kusomea uuguzi. Zamani, Isidore alipokuwa akipanda milima hiyo na sanduku la chanjo begani, alimkuta mke wa Kagabo amekwama katika uzazi. Alihangaika naye mpaka mtoto wa kike, Igihozo, akatoka akilia na mama akabaki hai. Kagabo hakusema maneno mengi. Alimpa ng'ombe, mtamba mwekundu aliyeitwa Gaju.

Kwa watu wa huko, anayekupa ng'ombe hakupi nyama wala maziwa. Amekufanya ndugu. Gaju akizaa jike, jike hilo humrudia aliyetoa. Mmoja wenu akifiwa na ng'ombe, mwenzake huja na mtamba kumfuta machozi, na huko wanaita kumshumbusha. Ng'ombe hao hawauzwi hivihivi kama mbuzi wa soko. Ukitaka kuuza, unamwambia mwenzako kwanza, naye ana haki ya kukataa.

Gaju alizaa, na watoto wake wakazaa. Isidore aliwaweka kwa mchungaji katika vilima vya Fizi. Kisha tamaa ya gari ikamwingia, na tamaa haina daktari, hata ukiwa muuguzi. Alikuwa amechoka kutembea. Wenzake walikuwa na pikipiki. Mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Baraka akampa bei nzuri kwa wote pamoja, mama na watoto, na yule jike aliyepaswa kurudi kwa Kagabo akiwemo. Isidore hakumwambia mtu. Alimweleza mkewe kwamba alikuwa amejiwekea akiba. Naye Kagabo akamtumia habari ya msiba: ugonjwa wa kupe umepita, hakubaki hata mmoja.

Angekuwa na bahati, Kagabo angesema pole na yakaisha. Hakuwa na bahati, alikuwa na rafiki. Kagabo alishuka kutoka milimani katika mvua, na nyuma yake alikuwa anamvuta mtamba. Alikuja kumshumbusha. Siku hiyo gari lilifunikwa turubai nyuma ya nyumba ya jirani, na Isidore alikaa sebuleni akipewa pole kwa msiba ambao haukuwepo, mkono wake ukiwa ndani ya mikono miwili ya Kagabo. Nibigira alikuwa amekwenda kliniki ya watoto, hakusikia neno. Mtamba huyo naye hakukaa. Alikuja kuwa tairi nne na betri. Gari lenyewe Kagabo alionyeshwa miezi michache baadaye, akaambiwa ni akiba ya mshahara.

Mwanzoni Isidore alijiambia kwamba atarudisha. Atanunua jike mmoja, atampeleka, atasema kuna mtu amemshumbusha. Mwaka ukapita, na mwingine. Uongo ukikaa sana nyumbani unaanza kulala kitandani kama mwenye nyumba.

Kisha vita vikafika milimani. Ng'ombe wa Kagabo walichukuliwa wote mchana kweupe, mkewe akafa katika kukimbia, na yeye akashuka Fizi-Centre na fimbo yake, Biblia yake na Igihozo. Hapo ndipo marafiki wa ng'ombe hutakiwa. Wengi wa wale aliowapa walikuwa wamenyang'anywa vilevile. Isidore alikwenda na mchele na sukari, tena kwa gari. Kagabo alipokea, akasema, "We pia zako zilikufa. Tuko sawa." Isidore aliporudi Baraka hakula siku hiyo, na aliposema ni malaria hakuwa anadanganya sana, maana alitetemeka kweli.

Huyo ndiye shahidi waliyekuwa wanamwendea.

Walipanda Fizi asubuhi, magodoro juu ya gari, masufuria nyuma, Nibigira amevaa kitenge kipya. Kagabo aliwapokea mlangoni pa vyumba viwili alivyopangishiwa na kanisa. Alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi. Alipoelezwa shida yao hakuuliza hata swali moja. Alichukua kofia.

"Shemeki, unarudia kwenu," alimwambia Nibigira. "Ni vizuri mutu arudie kwao. Twende, nitasema yenye najua."

Ofisini walimkuta karani kijana mwenye miwani, jina lake Monsieur Bertin. Alizunguka gari, akapiga tairi teke, akarudi mezani.

"Muzee, hii gari unaijua?"

"Naijua."

"Ni ya nani?"

"Ni ya huyu, Isidore."

"Aliinunua na nini? Usikasirike, muzee. Kuko batu banapitisha gari za bengine, banasema tunahama."

"Aliinunua na jasho yake," Kagabo akajibu. "Huyu mutu alipanda milima yetu miaka yote na miguu, kuchoma batoto shindano. Ng'ombe alikuwa nazo, nilimupa mi mwenyewe, lakini kupe ilizimaliza zote. Nilienda kumupa pole kwake. Kwa hiyo hakukuwa na kitu ya kuuza. Ni kazi yake tu."

Isidore alitazama sakafu. Nibigira alimtazama Isidore. Hakuwahi kusikia habari ya ng'ombe kumalizwa na kupe. Alijua tu kwamba siku moja hawakutajwa tena, na Isidore alimwambia wamerudishwa kwa mwenyewe.

"Basi inua mukono, muzee, useme mbele ya Mungu."

Kagabo alisita. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata sokoni hakuapa.

"Miye siapake," akasema taratibu. "Kwa kanisa yetu tulifundishwa ndiyo ikuwe ndiyo, ikomee hapo. Tangu nizaliwe sijainua mukono. Lakini huyu ni ndugu yangu, na anaenda mbali." Akavua kofia, akainua mkono.

Isidore angeweza kusema neno hapo. Alikuwa na mdomo, alikuwa na pumzi, na mkono wa Kagabo ulikaa juu muda wa kutosha. Hakusema. Moyo ulimwambia, acha, dakika moja tu, kisha mnavuka na yanabaki huku. Bertin akapiga muhuri.

Ni desturi ya watu hao kumsindikiza anayesafiri. Kagabo akasema atashuka nao mpaka Baraka, kisha atarudi na pikipiki. Wakamweka mbele. Nibigira akakaa nyuma katikati ya masufuria, macho kwenye kisogo cha mumewe.

Barabara ya kutoka Fizi inashuka kwa kona. Kagabo aliweka kiganja juu ya dashibodi, akawa anaipapasa polepole, kama anavyopapasa shingo ya ng'ombe anayekamuliwa.

"Inatembea vizuri," akasema. "Mungu anajua kufariji. Alikunyima ng'ombe, akakupatia hii. Miye ningali namungojea anifariji na yangu. Sina haraka." Akacheka kidogo. "Enda nayo salama. Isikusumbue kwa njia. Ikuzeekee kwa mukono."

Isidore alisimamisha gari kando ya barabara. Hakukusudia. Mguu ulikwenda wenyewe kwenye breki. Aliona aibu mpaka masikio yakamwuma, na alimwonea huruma mtu huyu aliyekuwa anabariki mali yake mwenyewe iliyoibwa.

"Hazikufaka," akasema.

"Nini haikufaka?"

"Ng'ombe. Gaju na batoto yake. Hakukuwaka kupe. Niliziuza." Akagusa usukani. "Njo hii gari."

Kagabo aliondoa mkono kwenye dashibodi, akauweka juu ya goti.

"Na ile nilikuletea na mvua?"

"Njo tairi."

Nyuma, sufuria moja ilianguka na hakuna aliyeiokota. Bodaboda mbili zikapita. Kagabo alitazama mbele kupitia kioo, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Isidore angependa apigwe. Angependa atukanwe kwa baba na mama, maana tusi lingemwacha na kitu cha kujibu.

"Geuza," Kagabo akasema mwishowe. "Unirudishe kwa bureau."

"Ndugu yangu, nisikilize. Nikifika kule nitauza—"

"Sisemi habari ya ng'ombe. Ng'ombe ni ya mimi na weye, tungeisema polepole. Mukono niliinua, ile ni ya mimi na Mungu. Niliinua juu ya uongo. Bureau inafungwa saa ngapi?"

"Ukienda kusema vile, gari haiwezi kupita."

"Najua."

Isidore alishika usukani kwa mikono miwili. Barabara ilikuwa wazi mbele yake: Baraka, Nundu, Swima, Uvira, mpaka. Cheti kilikuwa mfukoni chenye muhuri ambao haujakauka. Kagabo alikuwa mzee. Akishushwa hapo, kupanda mlima kwa miguu kungemchukua mpaka ofisi zifungwe, na mpaka kesho wao wangekuwa wamekwisha kuvuka. Wazo hilo lilimjia kamili, na lilimtisha kwa jinsi lilivyokuwa rahisi.

"Baba Irakiza." Ilikuwa sauti ya Nibigira. "Geuza gari."

"Na Rumonge?"

"Rumonge haihame. Nilitoka kule na mukeka kwa kichwa, nikalala kwa majani, nikaomba chakula. Lakini sikuiba. Unataka niingie kwetu ndani ya kitu ya wizi, kioo wazi, banione?" Akaiokota ile sufuria. "Miaka yote nilikaa ndani yake nikijisikia mukubwa. Geuza."

Akageuza. Kona zilezile, sasa za kupanda, na injini ikalalamika kwa ajili ya wote.

Bertin alikuwa anafunga dirisha. Kagabo alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, na Isidore nyuma yake akingoja kusikia neno mwizi likitamkwa katika ofisi ya serikali, mbele ya watu wa Fizi wanaomjua.

"Ile nilisema asubuhi, naiondoa," Kagabo akasema. "Nilisema kitu sikukijuaka."

"Kumbe gari si yake?"

"Sijasema vile. Nasema miye sikujuaka ilinunuliwa na nini, na nilisema najua. Mungu anisamehe, na weye pia."

Bertin aliwatazama mmoja mmoja. Akanyoosha mkono, akapewa cheti, akakichana vipande vinne. "Tafuteni shahidi mwengine," akasema, akaendelea kufunga dirisha. Ikaishia hapo. Kagabo hakumtaja kwa ubaya hata kwa nusu ya neno, na Isidore aliona kwamba afadhali angetajwa.

Nje, karibu na gari, Kagabo alimgeukia kwa mara ya kwanza.

"Gaju ilichinjwa, ama iko kwa mutu?"

Isidore alifungua kinywa. Alitaka kusema yuko kwa mtu, anazaa.

"Sikuulizaka," akasema.

Kagabo akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaenda zake kwa miguu.

Hawakutafuta shahidi mwingine. Isidore aliliuza gari Baraka, kwa mtu aliyelitaka kwa kubeba mihogo. Alinunua mitamba kwa kadiri fedha ilivyofika, wote wekundu, alichagua mmoja mmoja na kumkataa kila mwenye dosari. Hakukodi mchungaji. Aliwaswaga mwenyewe mpaka Fizi, na magoti ya mstaafu yalimlaumu kila kilima. Njiani alikuwa na tumaini moja, na si la kijinga. Kwao, mtu akiletewa ng'ombe na rafiki, humkalisha, humpa cha kunywa, na kabla ya kuagana huchagua mmoja katika walewale waliokuja, akamwambia mleta, huyu rudi naye. Hivyo hesabu haifungwi. Ng'ombe huendelea kwenda na kurudi, na watu hufuata nyuma yao. Isidore hakumtaka ng'ombe huyo. Angemwacha palepale kwa Igihozo. Alitaka tu aambiwe.

Kagabo alitoka. Aliwazunguka mitamba, akawashika mgongo, akatazama macho na miguu. Walikuwa wazuri, na hakuficha kwamba ni wazuri. Igihozo alisimama mlangoni akiwa na kiti, akimtazama baba yake kwa jicho la kuuliza. Kagabo hakumwashiria akilete.

Alimpa Isidore mkono, mmoja tu.

"Aksanti," akasema. "Zimefika zote. Sasa hatudaiane."

Akaanza kuwaswaga kuelekea uwanja wa nyuma, akiwapigia mluzi mdogo. Igihozo akarudisha kiti ndani.

Isidore alishuka Baraka kwa miguu. Nibigira alikuwa pwani na mizigo, karibu na mtumbwi wa injini unaovuka kwenda Rumonge, ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba. Alimwona mumewe anakuja peke yake, mikono mitupu.

"Alisema nini?"

"Alisema hatudaiane."

Kwao Rumonge pia ng'ombe hutolewa hivyo, na Nibigira alijua hesabu ikifungwa maana yake nini. Aliwaita wapagazi wapakie mizigo.